Kuisoma saa ya Wells ukitokea Mwaloni

Treni haifiki Wells, mji mdogo wa Uingereza. Shuka Bath au Bristol, ndiyo upande basi. Ukiingia kanisa kuu kwa mlango wa magharibi, nenda mbele kisha kata kushoto. Saa iko juu ukutani tangu mnamo 1390.

Fika dakika tano kabla ya robo. Kila robo saa, sanamu za wapanda farasi zinazunguka juu yake, na mmoja anabwagwa chali kwa mkuki. Yule yule, karne zote hizo, maskini! Mara ya kwanza nilikuwa nahangaika na simu nipige picha, vumbi la vita likanipita. Nikangoja robo nyingine. Hapo ndipo mwanangu aliponigusa bega, "Mama, tazama kule juu kulia." Kumbe kuna mtu ameketi, wanamwita Jack Blandifers, anagonga kengele kwa nyundo na nyingine anazipiga kwa visigino.

Uso wa saa usiusome kama saa ya mkononi. Duara la nje lina saa 24, na kijua ndicho kinachozunguka. Juu kabisa ni saa sita mchana, jua la utosi. Chini kabisa, saa sita usiku. VI ya kushoto ni saa kumi na mbili asubuhi yetu. Duara la pili lina kinyota cha dakika. Dunia iko katikati, imetulia, vingine vyote vinaizunguka, ndivyo walivyoamini.

Duara la ndani ndilo lililonisimamisha. Lina namba 1 hadi 30, umri wa mwezi, na kidirisha kinachoonyesha mwezi ulivyojaa au ulivyopungua. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, maisha yangu ni hesabu hiyo. Giza likiingia, taa zinawaka ziwani kama mji, na dagaa wanakuja kwenye mwanga. Mbalamwezi ikikomaa, taa haiwavuti tena. Mitumbwi inapandishwa mchangani, na mimi nabaki na bei ya kugombana na wateja.

Mitambo ya kale usiitafute hapo, iko Science Museum, London.

Siku ile mshale wa mwezi ulikuwa kwenye 15. Nikatoka nje, nikampigia shoga yangu Mwaloni: "Leo hamna dagaa wabichi, sivyo?"

"Hamna hata kisado. Nani kakwambia?"