Mshubiri Ukilegea, Weka Kopo la Maji Chini

Swali ninaloletewa mara kwa mara kuhusu mshubiri wa ndani ya nyumba, au alovera kama wengi wanavyouita, huja hivi: majani yamelegea, rangi imefifia, na maji naumwagilia kila siku. Jibu limo ndani ya swali lenyewe. Mmea huo haufi kwa kiu. Unakufa kwa maji, na kadiri mwenyewe anavyozidi kuuhurumia ndivyo anavyozidi kuuangamiza.

Kinachowapoteza watu ni kwamba mshubiri uliooza mizizi unafanana sana na ule wenye kiu. Mizizi huhitaji hewa. Udongo ukikaa na maji siku nyingi, vinafasi vyote vya hewa hujaa, mizizi hukosa pumzi na kufa, kisha kuvu waliomo udongoni huimalizia. Mzizi uliokufa haunyonyi kitu. Kwa hiyo majani huanza kusinyaa huku udongo ukiwa chepechepe, mwenye mmea anaona kusinyaa tu, na anakimbilia kopo. Jani linakueleza kwamba maji hayafiki. Halikuelezi kwa nini. Sababu inapatikana chini.

Basi kabla ya kumwaga hata tone, chukua kijiti kikavu cha unene wa nusu sentimita, kichomeke karibu na ukingo wa chungu hadi theluthi mbili ya kina, kiache dakika 10, ukichomoe. Kikitoka na udongo ulioganda au kimebadilika rangi kwa unyevu, hakuna kumwagilia. Tafadhali msipime kwa ncha ya kidole. Sentimita 2 za juu hukauka upesi sana wakati chini bado ni tope, na wengi wameua mimea yao kwa kuamini zile sentimita 2. Udongo ukiwa mkavu hadi chini, chungu ni chepesi ukikiinua, na majani ni membamba yenye mikunjo lakini vitako vyake, yaani sehemu ya chini jani linaposhikana na shina, bado ni vigumu, hiyo ni kiu kweli: mwagilia mara moja hadi maji yapenye, na majani yatajaa tena baada ya siku chache. Vitako vya majani vikiwa laini, vimekuwa kama vimelowa kwa ndani au vya kahawia, na kuna harufu ya kuoza, usingoje udongo ukauke. Ng'oa leo.

Kung'uta udongo wote. Mizizi mizima ni myeupe au ya manjano hafifu, na ni migumu ukiibana. Iliyokufa ni ya kahawia au nyeusi, inateleza, na ganda lake huvuka likaacha kamba nyembamba. Ikate yote kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, na ukipanguse tena kila kinapogusa sehemu iliyooza. Shina likionyesha doa la kahawia katikati, endelea kulikata vipande vya sentimita 1 kwenda juu mpaka nyama iwe safi kabisa. Usiache hata doa dogo kwa kuuonea mmea huruma; doa hilo ndilo litakalorudisha ugonjwa. Utomvu wa manjano unaotoka huwasha ngozi za baadhi ya watu, na mabaki yake yawekwe mbali na paka na mbwa kwa sababu huwadhuru.

Sasa subira. Hapa ndipo kazi nzuri ya watu wengi inapoharibika: wanakata vizuri, wanapanda saa ileile, wanamwagilia saa ileile, na kidonda kibichi kinaoza upya. Kama umekata mizizi tu, uache mmea nje ya udongo siku 3. Kama umekata shina, siku 7, na shina nene lipewe hata siku 14. Uweke kivulini mahali penye hewa, si juani wala si ndani ya mfuko wa plastiki, mpaka kidonda kifunge ngozi kavu ambayo ukiigusa kwa ukucha ni ngumu. Hautakufa. Mmea huu asili yake ni nchi kavu za Rasi ya Uarabuni. Hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana kulinda maji, na akiba iliyomo majanini inautosha kwa muda wote huo.

Udongo wa zamani usiurudishe. Changanya sehemu 1 ya udongo wa kupandia na sehemu 1 ya mchanga mnene wa mtoni wenye chembe za milimita 2 hadi 5. Mchanga laini huziba, na wa pwani una chumvi. Chungu kiwe na tundu la angalau sentimita 1, na upana wake uzidi mizizi kwa sentimita 2 hadi 4 tu, maana chungu kikubwa hubeba udongo mwingi usio na mizizi ya kuukausha. Kuhusu kokoto za kutandika chini, achaneni nazo: maji husimama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, hivyo unakuwa umeyasogeza karibu zaidi na mizizi. Panda mizizi peke yake, vitako vya majani vibaki juu ya udongo. Kwa shina lisilo na mizizi, ondoa majani ya chini na ufukie sentimita 5 hadi 8, ukiliegemeza kwa vijiti.

Ukishapanda, usimwagilie. Siku 7 kavu kwa mmea wenye mizizi, siku 14 kwa shina tupu. Narudia kwa sababu najua mkono unawasha: kijiko kimoja cha maji "ili usinyauke" ni kosa lilelile lililouleta mmea hapa. Siku ikifika, mwaga maji juu ya udongo kuzunguka mmea, si katikati ya majani, mpaka yatoke kwenye tundu, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani ndani ya dakika 15. Baada ya hapo kijiti ndicho kinachoamua, si kalenda. Msimu wa joto mara nyingi huwa kila baada ya wiki 2 hadi 3; msimu wa baridi inaweza kupita mwezi mzima. Mbolea isiguswe miezi 3, kwa kuwa chumvi zake huunguza mizizi michanga.

Mwanga uwe mwingi, karibu na dirisha. Usiupeleke moja kwa moja kwenye jua la mchana, utageuka rangi ya kutu. Anza na muda wa saa 1 wa jua la asubuhi na uongeze kidogokidogo kwa wiki 2. Baridi ya chini ya nyuzi 10 iepukwe.

Jani jipya likichomoza katikati na mmea ukikaza unapouvuta polepole, umepona.

Shina likiwa limeoza hadi juu, usipoteze muda kupanda jani moja moja. Majani ya mshubiri karibu yote huoza bila kutoa mizizi. Tafuta maotea, yaani vichipukizi vinavyoota pembeni mwa mmea. Lenye urefu wa sentimita 10 na mizizi yake lenyewe, litenganishe, likaushe siku 3, ulipande kama nilivyoeleza. Kama hakuna hata moja, tupa mmea pamoja na udongo wake wote, na udongo huo usiingie kwenye chungu kingine chochote.