Vitabu vya skuli visipotee: tulivyofanya Wete

Mwalimu mmoja wa Wete, Pemba, aliniita kwenye maktaba ya skuli yao. "Tumeibiwa," akanambia. Nikamuuliza, vitabu gani? Akazitazama rafu, akanyamaza. Daftari hawakuwa nalo.

1. Daftari la usajili

Nunua kauntabuku nene, yenye jalada gumu na kurasa za kushonwa. Si faili la karatasi za kuchomoa, wala si kompyuta, angalau mwanzoni. Vijana watacheka, waache wacheke. Kompyuta ya skuli ina wenyewe watano, na umeme una siku zake.

Kila nakala ipewe namba yake, ya mwaka na ya mfuatano, daftarini na ndani ya kitabu: 2025/1, 2025/2, na kuendelea. Usiitegemee ISBN. Hiyo ni namba ya toleo, na nakala kumi za kamusi moja zote zinayo ile ile. Ikitoka moja, hutajua ni ipi. Kitabu kikifa, namba yake isipewe kitabu chengine. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, usichane ukurasa.

2. Muhuri

Gonga ukurasa wa jina la kitabu, kisha ukurasa mmoja wa ndani, ule ule kwa vitabu vyote. Anayetaka kuficha kitabu huchana ukurasa wa mwanzo, wa ndani haujui. Namba ya ukurasa huo wajue watu wawili tu.

Misahafu na vitabu vya khati ya mkono visiguswe na muhuri, maana wino hupenya karatasi na hautoki. Andika namba kwa penseli laini, hesabu kurasa, piga picha madoa na mipasuko yake. Hizo ndizo alama za kukitambulia kikionekana sokoni. Ukiwa navyo vingi, waulize watu wa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja. Mkusanyiko wao wa maandishi ya Kiarabu uliingizwa na UNESCO katika rejista ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003, kwa hiyo kazi hii wanaijua.

3. Mlango na mikoba

Mlango mmoja, nondo madirishani, kufuli la maana. Meza ya mkutubi iutazame mlango.

Usimpekue mtu. Huku kwetu ukimpekua binti wa watu, kesho baba yake yuko ofisini. Weka rafu ya mikoba nje ya chumba cha kusomea, kila mtu aache mkoba wake hapo, walimu na wageni wakiwamo. Walimu ndio watakaonuna.

4. Kuhesabu

Hapa ndipo nilipoumbuka. Mara ya kwanza nilihesabu huku watoto wanaendelea kuazima. Asubuhi nimemaliza rafu ya dini, mchana vitabu viwili vinarudishwa pale pale, na vyengine vinatoka kwenye rafu ambayo sijaifikia. Siku ya tatu nikawa na orodha ya vitabu sitini na kitu "vilivyopotea". Nikaipeleka kwa mwalimu mkuu, na mtoto mmoja wa kidato cha pili akaanza kutajwa. Baada ya siku mbili vingi vilionekana. Vya 297, namba ya Uislamu katika mpangilio wa Dewey wa maktaba, vilikuwa vimechomekwa kwenye 896.392 pamoja na riwaya na mashairi ya Kiswahili. Vyengine vilikuwa juu ya meza za walimu. Na atlasi aliyokuja kuililia yule mwalimu aliyeniita ilikuwa kwake, chini ya runinga. Yule mtoto nilimwomba radhi mbele ya wenzake.

Kwa hiyo, simamisha kuazima kwanza. Kusanya vilivyoko nje, uanzie chumba cha walimu na ofisi ya mkuu. Epuka msimu wa mitihani na kumi la mwisho la Ramadhani, hutapata msaidizi. Fanyeni wawili: mmoja anatoa kitabu, anakifungua na kusoma namba ya ndani, mwengine anatia alama kwenye daftari, katika safu ya mwaka huo. Anza na rafu zinazopendwa, hasa vitabu vya mitihani ya kidato cha nne. Kisichoonekana kitafute rafu za jirani, kisha nyuma ya safu, maana vitabu huanguka huko. Orodha ya vilivyokosekana ilale mtotoni mwa meza wiki nzima kabla hujaitaja kwa mtu.

Kisha weka kapu mlangoni kwa wiki mbili, anayerudisha asiulizwe kitu. Kapu limenirudishia vitabu vingi kuliko ukali.

5. Mchwa

Acha nafasi ya kupitisha mkono baina ya kabati na ukuta, na masika uchungulie kila wiki. Wete tulipovuta kabati la mwisho, vitabu vinne vya safu ya chini vilikuwa vimebaki migongo tu. Jioni ile nilikuwa nimechoka, nikavihesabu kwa kuitazama hiyo migongo na kuandika kuwa vipo. Ikabidi nirudi kwenye daftari nivikate.