Kumlea mbwa wa kumuongoza asiyeona, hapa hapa Dodoma

Jamani kwanza usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajafika wiki 8, mwache acheze na ndugu zake ndo anajifunza kutong'ata hovyo. Akifika miezi 3 mpeleke kwa daktari wa mifugo apate chanjo ya kichaa cha mbwa, hili halina mjadala.

Sasa kazi yenyewe ni kumzoesha dunia. Mi wangu nilikuwa nambeba hadi soko la Majengo asubuhi kabla jua halijawa kali, asikie honi za bodaboda, anuse dagaa, na watu wanakimbia kweli maana huku mbwa anajulikana kwa kulinda geti tu, we unatulia unamwambia kaa, akikaa mpe kipande cha nyama sekunde hiyohiyo, ukichelewa haelewi amefanya nini. Fimbo weka mbali, mbwa mwoga haongozi mtu.

Kusimama kabla ya mtaro au ngazi mfundishe kila siku, dakika tano tano, akichoka basi. Anaiva kwenye mwaka na nusu hadi miwili, na wengine hawaivi kabisa, huyo abaki rafiki wa nyumbani.