Heian Shodan: rekebisha miguu kwanza, ngumi baadae

Watu wengi wakishakariri zile hatua 21 za Heian Shodan (kata ya karate, yaani mfululizo wa miondoko uliopangwa) wanadhani wamemaliza, kumbe ndo kwanza kazi inaanza. Cheki zenkutsu dachi yako, yaani ule msimamo wa kuegemea mbele: goti la mbele likunjwe mpaka ukitazama chini huoni vidole, mguu wa nyuma unyooke, na miguu iachane upana wa nyonga, ukiipanga kwenye mstari mmoja lazima uyumbe tu.

Ukipiga oi zuki, ile ngumi ya kupiga huku unapiga hatua mbele, usinyanyuke katikati ya hatua, kichwa kibaki usawa uleule, mguu wa nyuma upite karibu na wa mbele halafu ndo utoke, huku mguu uliosimamia ukisukuma sakafu, nguvu inatoka huko sio begani. Ngumi imalizike pamoja na mguu kutua, na mkono mwingine uuvute kweli mpaka kiunoni, kwa wengi unaning'inia tu.

Kwenye kugeuka sasa ndo balaa. Tazama kwanza unakoenda, sogeza mguu, halafu nyonga ndo imalizie gedan barai, ile kinga ya chini. Zile shuto uke za mwisho, yaani kinga za ukingo wa kiganja, uzito urudi nyuma, kama asilimia 70 hivi. Anza taratibu bila kukaza mwili, spidi utaongeza baadae.