Mafuta ya filta ya hewa na sensa ya injini
Wenye magari yanayopita kwenye vumbi la Chunya wakati wa kiangazi, waliofunga filta ya hewa ya kuoshwa na kupakwa mafuta, wafahamu kwamba gari likikosa nguvu tatizo kwa kawaida si filta yenyewe bali ni mafuta yaliyozidi, ambayo huvutwa na hewa hadi kwenye waya mwembamba wa sensa inayopima hewa inayoingia kwenye injini na kuufanya usome hewa pungufu, gari likaanza kuchoka kwenye mlima Kitonga. Baada ya kuiosha filta, iache ikauke kabisa kivulini, paka mafuta kidogo tu hadi rangi yake ienee, ilaze usiku mmoja, kisha futa yanayochuruzika. (Binafsi, bado napendelea filta ya karatasi.) Sensa ikichafuka, tumia dawa yake maalumu ya kupuliza, kamwe si brashi.