Nakala ya tableti ya Android kabla hujaigusa romu

Kabla ya kuweka romu, yaani mfumo mwingine wa Android, hufunguliwa kwanza kufuli la butiloda, programu ndogo inayoanzisha mfumo. Ukifungua butiloda ya tableti ya Android, tableti hujifuta yenyewe. Si hitilafu. Imeundwa hivyo ili mwizi asifungue kufuli kisha akasoma faili zako. Kwa hiyo picha, nyaraka na gumzo ziwe zimeshahamia kwingine kabla hujaanza. Nasema zimehama, kwa sababu nakala iliyobaki ndani ya tableti ileile ni kama hujanakili.

Hilo lilinikuta. Niliichukulia tableti yangu ya kwanza nakala kamili kwa TWRP (programu ya kunakili, kufuta na kuweka romu, inayofanya kazi nje ya Android), nikaona imeandikwa imefaulu, nikatulia. Kumbe nimeiweka kwenye hifadhi ya ndani. Dakika chache baadaye nikaandika yes kuthibitisha kufuta data, na nakala ikaenda na maji. Hata ningeiweka kwenye kadi ya memori, picha zisingepona: TWRP ikinakili sehemu ya Data huiruka /data/media, na picha zinakaa humo humo.

Hatua ya 1: Unganisha na kompyuta

Nenda Mipangilio, kisha Kuhusu kompyuta kibao, uguse Nambari ya muundo mara 7. Chaguo za wasanidi programu zitajitokeza. Humo washa Utatuzi wa USB. Kwenye kompyuta pakua Platform Tools ya Google, yenye adb, programu ya kuiagiza tableti kwa amri. Ni faili la zip, unalifungua na kufanyia kazi ndani ya folda yake. Chomeka waya, fungua dirisha la amri ndani ya folda hiyo, uandike:

`adb devices`

Orodha ikiwa tupu, badili waya kabla ya kulaumu kompyuta, kwani waya nyingine huchaji tu, data hazipitishi. Ukiona neno unauthorized, tazama kioo cha tableti: kuna kidirisha kinasubiri ruhusa yako. Kubali, urudie amri, mpaka lisomeke device.

Hatua ya 2: Pima mzigo

`adb shell du -sh /sdcard/`

Jina sdcard lisikuchanganye. Hiyo ni hifadhi ya ndani, si kadi ya memori. Ikisema 23G, kompyuta iwe na zaidi ya hapo.

Hatua ya 3: Vuta folda moja moja

`mkdir nakala`
`adb pull -a /sdcard/DCIM nakala/`

Hiyo -a hutunza tarehe. Ukiisahau, faili za miaka yote zitabeba tarehe ya leo. Ikimaliza, rudia kwa Pictures, Download, Documents na Android/media. Hiyo ya mwisho wengi huiruka, na ndiyo inayoliza watu: kwenye Android 11 kuendelea, WhatsApp huweka humo picha zake na hifadhidata ya gumzo. Kabla ya kuivuta, ingia WhatsApp kwanza uagize nakala mpya, la sivyo utabeba ya juzi.

Ndiyo, unaweza kuvuta /sdcard nzima kwa amri moja. Mimi siipendi. Faili moja likigoma usiku wa manane, asubuhi hujui kazi iliishia wapi.

Hatua ya 4: Hesabu, kisha fungua

`adb shell "find /sdcard/DCIM -type f | wc -l"`

Linganisha na idadi ya faili kwenye folda ya kompyuta. Tableti ikisema 4312 na kompyuta 4309, tatu zimebaki njiani, vuta tena. Idadi zikilingana bado usishangilie. Chagua video kubwa kuliko zote, ifungue kwenye kompyuta, uisogeze hadi sekunde za mwisho, maana iliyokatika inaweza kuanza vizuri tu. Halafu nakili folda nzima kwenye diski ya nje.

Hatua ya 5: Yasiyofikiwa na adb

Data za ndani za programu zinakaa /data/data, na bila ruti, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo, husomi kitu. Bado utasikia watu wakisifia adb backup. Iache: programu zilizotengenezwa kulenga Android 12 na kuendelea, kwa kawaida data zake haziingii, na utabaki na faili jepesi la kukufariji. Michezo, madokezo na kadhalika, tumia njia ya kila programu yenyewe. Programu ya kutoa misimbo ya kuingilia akaunti ihamishie kwenye simu na ujaribu kuingia nayo. Hakikisha pia nenosiri la Google unalikumbuka kichwani, kwa sababu tableti iliyofutwa inaweza kukudai hilohilo kabla ya kukufungulia.

Tableti ya Samsung yenye laini ina jambo moja zaidi. Ukishaingiza TWRP, na kabla ya kuweka romu mpya, nakili sehemu ya EFS peke yake kwenye kadi, uihamishie kompyuta. Ni megabaiti chache tu, ila IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa kwenye mtandao wa simu, inahusiana nayo, na ikiharibika bila nakala tableti inaweza isishike mtandao tena.