Jinsi ya kujifuatilia miaka mingi baada ya tiba ya mionzi

Mionzi inayoua seli za saratani huweza pia kujeruhi vinasaba vya seli nzima zilizo jirani, na kwa watu wachache jeraha hilo huja kuzaa saratani nyingine kabisa: ya damu ndani ya miaka michache, ya viungo kwa kawaida baada ya miaka 10 au zaidi. Hata hivyo, anayekatiza tiba kwa kuogopa hatari hiyo hujitia katika hatari kubwa zaidi, yaani saratani aliyo nayo.

Anza na karatasi. Kabla hujatoka Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, kupanda basi la kurudi Mtwara, omba muhtasari wa maandishi unaotaja sehemu ya mwili iliyopigwa mionzi, jumla ya kipimo cha mionzi na tarehe. Mama yangu mkubwa, aliyeko Mikindani, ameuhifadhi wake ndani ya mfuko wa nailoni, chini ya kanga sandukuni, mchwa wasiufikie. Mwaka jana ulisomwa na daktari ambaye, wakati wa tiba ile, alikuwa bado shule ya msingi.

Kwa waliotibiwa saratani ya shingo ya kizazi, viungo vya kuangaliwa zaidi ni kibofu na njia ya haja kubwa. Hapa ndipo sisi wa kusini tunapoteleza. Kichocho kipo kweli Lindi na Mtwara, kwa hiyo mkojo wenye damu hupewa jina hilo upesi, mgonjwa akameza vidonge, akarudi kwenye korosho zake. Ukifika zahanati, tamka mwenyewe: “Niliwahi kupigwa mionzi ya nyonga,” utaje na mwaka. Huenda ni kichocho, huenda ni kibofu kilichoathiriwa na mionzi, huenda ni uvimbe mpya. Damu ikirudi baada ya dawa, omba rufaa ya kuchunguzwa kibofu kwa kamera, wala usingoje minada ya korosho iishe.

Mwanamke aliyepigwa mionzi ya kifua akiwa binti au kijana amweleze daktari mapema, kwa sababu uchunguzi wake wa matiti hupaswa kuanza akiwa na miaka 25 au miaka 8 baada ya tiba, kutegemea kipi kinakuja baadaye. Aliyepigwa kifuani aache tumbaku kabisa, maana moshi na mionzi kwa pamoja huongeza sana hatari ya saratani ya mapafu.

Toa nakala ya muhtasari huo, umkabidhi mwanao au ndugu atakayekusindikiza hospitali.